Kupanga Likizo ya Porini Katika Umri wa Makamo: Siku Nne za Mzee na Mama

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Voi kwa watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu pamoja na wenzi wao.



Tangu gari moshi la Madaraka Express lilipozinduliwa Mei 31, 2017, limekuwa likikata mbuga ya Tsavo kila siku likielekea Mombasa. Abiria wakiona ndovu wekundu nje ya dirisha, husimama, hupiga picha kwa simu, kisha huketi na kuendelea na safari. Kwa Wakenya wengi, likizo ni bahari. Tsavo ni mahali pa kupita.

Hata kwa wakaazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta mambo ni hayo hayo. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka wa 1948, na pande zake mbili zikijumlishwa ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Katika sensa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021, Kenya ilihesabu ndovu 36,280, na hakuna sehemu ya nchi iliyokuwa na wengi kama eneo la Tsavo. Pamoja na hayo, wapo watu waliozeeka kando ya mbuga bila kuingia langoni hata siku moja. Ndovu wanamjua, lakini wanamjua wa usiku.

Chukueni mfano wa mume na mke, ambao hapa wataitwa Mzee na Mama. Ni watu wa kubuni, ingawa kisa chao kinafahamika katika kila kijiji kinachopakana na mbuga. Mzee ana miaka 57, ni mtumishi wa umma, na amebakisha miaka mitatu astaafu. Mama ana miaka 53, ni mkulima. Wanaishi Sagalla ya chini, upande unaopakana na Tsavo Mashariki. Kitinda mimba amekwenda chuoni, na nyumba imekuwa kimya. Kwa miaka mingi Mzee amekuwa akiondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni. Sasa anaona kwamba akistaafu hivi hivi, watakaa wawili mezani bila neno la kuambiana. Anapendekeza likizo ya siku nne porini.

Jibu la Mama lilikuwa fupi: "Baba watoto, nilipe pesa nikamtazame ndovu? Mimi nimemtazama shambani kwangu bure."

Jibu hilo halikuwa mzaha. Misimu miwili iliyopita, mahindi na pojo za ekari moja na nusu zililiwa usiku mmoja. Fomu ya fidia ilijazwa na bado wanangoja. Kwa hivyo mpango wowote wa likizo ulilazimika kuanza na jibu la Mama. Hoteli ingechaguliwa baadaye.

Kusikizana kwanza

Wanandoa wa makamo wanaopanga safari hukosea mahali pamoja: mmoja hupanga, mwingine hufuata. Njia iliyo bora ni kila mmoja aandike mambo matatu anayoyataka na moja asilolitaka, kisha karatasi zibadilishwe.

Mzee aliandika: ndovu wengi, simba, na Mlima Kilimanjaro asubuhi. Hakutaka kulala kwenye hema la kusimamisha mwenyewe. Mama aliandika: asipike, alale usiku kucha bila kuamshwa, na ajue pesa zake zinaenda wapi. Hakutaka kukaa garini siku nzima, kwa sababu ya goti.

Orodha ya Mama haikuwa na mnyama hata mmoja. Mpangaji mwenye haraka angeiona kuwa kikwazo, lakini ndiyo iliyoiongoza safari. Goti lilipunguza urefu wa barabara. Usingizi ulipunguza idadi ya malazi ya kuhamahama. Swali la pesa liliamua ni lango gani watalipia na kwa nini.

Majira

Wageni wengi huambiwa waje Tsavo wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Nyasi huwa fupi, maji huwa machache, na wanyama hukusanyika mahali yalipobaki. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hufanya mbuga ipendeze kwa kijani na ndege, lakini barabara za udongo huteleza na wanyama hutawanyika.

Kwa mkulima kuna hesabu nyingine. Shamba lenye mazao yanayokomaa haliachwi bila mtu, kwa maana ndio wakati ndovu huingia. Mzee na Mama waliweka kalenda ya mbuga kando ya kalenda ya shamba. Katikati ya Septemba ilifaa pande zote mbili: mazao yako ghalani, kiangazi kimekolea, shule zimefunguliwa na malazi yana nafasi.

Pesa

Likizo isilipwe kwa mkopo, hasa mtu anapokaribia kustaafu. Mzee na Mama walianza kuweka akiba mwezi wa Januari, kidogo kila mwezi, katika akaunti ya pekee. Waliyagawa matumizi mafungu sita: kiingilio, gari, mafuta, malazi na chakula, waelekezi, na akiba ya dharura. Fungu la mwisho halikuguswa kwa jambo jingine lolote.

Kiingilio cha mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipwa kupitia eCitizen. Langoni hawapokei pesa taslimu. Raia wa Kenya hulipa chini ya mgeni, lakini lazima awe na kitambulisho cha kitaifa. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi ni mbuga mbili, kila moja na kiingilio chake, na gari nalo hulipiwa. Kwa kuwa ada hubadilishwa mara kwa mara, bei iangaliwe kwenye tovuti yenyewe wiki ya safari. Bei ya jirani aliyekwenda mwaka juzi isitegemewe.

Gari ndilo linalomeza pesa. Gari dogo la chini linaweza kupita barabara kuu za mbuga wakati wa kiangazi, lakini njia za pembeni zinahitaji gari la juu lenye magurudumu yanayovuta yote manne. Njia ya kupunguza gharama ni kukodi gari moja na wanandoa wengine mnaosikizana nao, na dereva anayeijua mbuga. Mzee alitaka kuendesha mwenyewe. Mama alimuuliza simba atamtazama nani na barabara ataitazama nani. Walichukua dereva.

Kisha likaja swali la pesa zinaenda wapi. Jibu la kweli ni kwamba kiingilio cha mbuga ya kitaifa huenda KWS. Madai ya kaunti kupata mgao wa mapato ya Tsavo ni ya miaka mingi. Lakini mshahara wa dereva, mboga za hotelini, mwelekezi wa msituni na kiingilio cha hifadhi za jamii hubaki mikononi mwa wakaazi. Mama alisema kama ni hivyo, basi angalau siku mbili kati ya nne zitumike huko.

Mwili

Mwili wa miaka 55 husafiri vizuri ukiandaliwa. Aliye na shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kabla ya safari na abebe dawa za siku mbili zaidi ya siku za safari. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, wala zisifungiwe nyuma ya gari. Insulini hukaa kwenye chombo cha baridi. Sehemu za chini za Tsavo zina malaria, kwa hivyo chandarua na dawa ya kufukuza mbu ni lazima. Kuna pia mbung'o, ambao huvutiwa na nguo za rangi ya samawati na nyeusi. Nguo za rangi ya udongo zinafaa zaidi.

Kila mmoja awe na lita tatu za maji kwa siku, kwenye chupa za kutumika tena. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga za kitaifa. Wengine hujinyima maji kwa kuogopa kukosa choo. Hilo ni hatari kwenye joto. Dereva aulizwe mapema vyoo viko wapi, na mizunguko ipangwe kuvifuata. Mtandao wa simu hukatika, kwa hivyo mtu mmoja nyumbani aachiwe ratiba na nambari ya gari. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iko hapa Voi, na dereva aijue njia ya kurudi kutoka kila mahali wanapokwenda.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza walikula chakula cha mchana nyumbani, wakaingia lango la Voi saa tisa alasiri jua lilipoanza kupoa. Kambi ya umma ya Ndololo iko karibu na lango hilo, chini ya miti ya Mto Voi, na ni nafuu kwa wenye hema na jiko. Kwa kuwa Mama hakutaka kupika wala Mzee kusimamisha hema, walilala kwenye kambi ya mahema ya kudumu yenye kitanda, choo ndani na chakula. Walikaa hapo usiku mbili mfululizo. Kuhama kila siku huchosha kuliko barabara.

Siku ya pili walitoka saa kumi na mbili alfajiri kuelekea Aruba, bwawa lililojengwa mwaka wa 1952 kwa kuzuia Mto Voi. Wanyama huonekana zaidi asubuhi na mapema, na jioni. Kufikia saa nne walikuwa wamerudi, wakaoga na kulala. Saa tisa walikwenda Mudanda, mwamba wenye urefu wa karibu kilomita 1.6. Maji ya mvua huteremka juu yake na kujaa kwenye dimbwi chini, na ndovu huja kunywa.

Wengi wangeongeza maporomoko ya Lugard kwenye Mto Galana siku iyo hiyo. Dereva alishauri wasifanye hivyo, kwa kuwa ni mbali na goti lingelipa. Chemchemi za Mzima na miamba myeusi ya Shetani, zilizoko Tsavo Magharibi, ziliachiwa safari ya pili. Kwa anayetoka Nairobi kwa gari moshi hesabu hugeuka: anaweza kushuka Mtito Andei na kuanza na Mzima, kisha aache Aruba kwa mwaka mwingine. Kanuni ni ile ile, sehemu chache, muda mrefu.

Siku ya tatu walipita Mwatate wakaelekea Lumo, hifadhi ya jamii iliyo kwenye njia ya Taveta. Jina hilo limetokana na ardhi tatu zilizounganishwa: Lualenyi, Mramba na Oza. Wenye ardhi ni wakaazi. Mama alitumia saa nzima akimuuliza mfanyakazi wa lango maswali ambayo hayamo katika kitabu chochote cha watalii. Mbuzi hulishwa wapi? Kiangazi kikizidi mnafanyaje? Pesa hugawanywa lini? Asubuhi iliyofuata, kabla mawingu hayajapanda, Mzee aliupata Mlima Kilimanjaro wake.

Siku ya nne walirudi Mwatate, wakapanda Wundanyi hadi msitu wa Ngangao. Baada ya vumbi jekundu, walivaa sweta. Katika misitu hii ya Milima ya Taita kuna ndege wenye kuitwa kwa jina la Taita kwa sababu hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mwelekezi kijana wa kijijini aliwachagulia njia fupi, na Mama alitembea kwa fimbo. Jioni walikuwa nyumbani.

Sheria za mbuga

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Hakuna kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, hakuna kuacha barabara, na hakuna kulisha mnyama. Ndovu akikunjua masikio, akainua kichwa au akatikisa mwili akiwaelekea, gari lisimame, lisipige honi, na lirudi nyuma polepole. Njia ni yake. Mbele ya jike mwenye mtoto mchanga umbali uongezwe.

Yaliyotokea Aruba

Limebaki jambo moja, na ndilo lililofanya safari hii istahili gharama yake.

Pale Aruba, siku ya pili, kundi la ndovu lilifika majini. Dereva alizima injini. Kwa karibu saa nzima hapakuwa na la kufanya ila kuketi. Jike kubwa lilitangulia, wadogo katikati, na mmoja mchanga akitembea chini ya tumbo la mamake. Mzee alipiga picha mpaka akachoka. Mama hakupiga hata moja.

Alitazama maji yalivyopungua, matope yaliyokauka ukingoni, na njia nyembamba zilizoelekea upande wa Sagalla. Kisha akasema, "Kwa hivyo hapa pakikauka, anakuja kwangu."

Ndipo akaanza kueleza usiku ule. Mzee alikuwa kazini. Alipigiwa simu asubuhi, akaambiwa mahindi yameliwa, akasikitika na kuuliza ni ekari ngapi. Hakujua kwamba Mama alisimama mlangoni kwa saa nne akigonga sufuria, kitinda mimba akiwa ameshika tochi nyuma yake. Hakujua kwamba ndovu mmoja alikaribia mpaka pumzi zake zikasikika. Hakujua pia kwamba tangu usiku huo Mama hulala na viatu kando ya kitanda msimu wote wa mavuno. Yote haya hayakuwa siri. Kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu alfajiri hapakuwa na saa moja ya kuyasema.

Safari haikumfanya Mama ampende ndovu, wala haikukusudiwa kufanya hivyo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inatambua hasara ya wakaazi: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na fidia kwa mazao yaliyoharibiwa. Madai hupitia kamati ya wanyamapori na fidia ya kaunti. Mwenye hasara aripoti mara moja, apige picha za shamba na nyayo, na ahifadhi nakala ya fomu. Asimfukuze ndovu kwa mguu usiku. Hayo yote yanabaki vilevile, likizo iwepo isiwepo.

Kilichobadilika ni mpango wa nyumba. Garini, wakirudi, Mzee alihesabu siku zake za likizo zilizosalia. Alikuwa amezoea kuzitumia Desemba kwa mambo ya ukoo. Sasa amezihamishia majuma ambayo mazao hukomaa, ili sufuria iwe na mikono miwili zaidi. Wamekubaliana pia kwenda Mwakoma, huko huko Sagalla, kuona uzio wa mizinga ya nyuki. Wakulima wa huko wameitundika mizinga kuzunguka mashamba, kwa sababu ndovu huogopa nyuki, na asali huuzwa. Mama anataka kujua mzinga mmoja unagharimu kiasi gani, na ni fundi gani anayeutengeneza.

Anayekaribia kustaafu na anayetaka kumpeleka mwenzi wake porini asianze kwa kuuliza hoteli ipi ina bwawa la kuogelea. Aanze kwa karatasi mbili, mambo matatu kila upande na moja lisilotakiwa. Achague sehemu chache, atoke alfajiri, apumzike mchana, na aache nafasi ya kuketi mahali pamoja injini ikiwa imezimwa.

Mbuga iko hapa. Kutoka sebuleni mwa Mzee na Mama hadi lango la Voi hapahitaji gari moshi wala ndege. Iliwachukua miaka 30 ya ndoa kufika, na walipofika waliona ndovu yule yule, safari hii mchana, wakiwa wawili.